Soma Kosa la Kwanza

Programu ina mistari thelathini tu, lakini kompaila imeirudisha na malalamiko yaliyojaza skrini. Mwanafunzi yuko nyumbani Misungwi kwa likizo, laptopu iko mezani, umeme umekatika na betri imebaki nusu. Darasani waliambiwa kwamba mistari hiyo ikikubali, kompyuta itaanza kupokea wageni kutoka kwenye mtandao. Haijakubali. Anaibeba laptopu hadi kwa kaka wa jirani aliyemtangulia chuo.

"Kaka, samahani. Imegoma."

"Imesemaje?"

"Ina makosa mengi, hata sijui nianzie wapi."

"Nisomee la kwanza. La juu kabisa."

Maneno hayo machache yamebeba ufundi ninaotaka kuusifu: ufundi wa kumtoa anayeanza kwenye makosa ya lugha ya C anapoandika programu za mtandao. Wenye ufundi huu wapo, ingawa hawana kibao barabarani. Wengi ni wahitimu wa Dodoma, Dar es Salaam au vyuo vya Mwanza ambao wadogo zao huwafuata jioni na Jumapili. Kazi yao ikiisha haiachi alama kubwa. Nukta-mkato imewekwa, mistari miwili imeongezwa juu, mabano yamefungwa vizuri. Ukiitazama programu iliyopona huwezi kujua ilikuwa na hali gani. Ndiyo maana inafaa kukaa na kutazama kazi yenyewe inavyokwenda.

Tuichukue programu ya huyu mwanafunzi. Ni seva ndogo ya TCP: inaomba soketi, inaandaa anwani, inaifungia soketi kwenye poti 8080, kisha inasikiliza. Ameandika int fd = socket(AF_INET, SOCK_STREAM, 0) na akasahau nukta-mkato mwishoni. Mstari unaofuata ni struct sockaddr_in addr, ambao wenyewe hauna tatizo lolote. Kompaila ya gcc, ikiwa bado inasubiri nukta-mkato, inakutana na neno struct na kulalamika hapo. Kwa hiyo inautaja mstari mzima, na uliovunjika uko juu yake. Kisha, ili iendelee na kazi, inaruka kila kitu hadi nukta-mkato inayofuata. Kwa kuruka huko inaupoteza mstari uliotangaza addr. Kuanzia hapo addr haijulikani, na lalamiko jipya linazaliwa kutokana na mstari ambao mwanafunzi ameuandika kwa usahihi na anauona kwa macho yake.

Ndipo anayeanza anapochanganyikiwa. Anaambiwa addr haijatangazwa, naye anaiona imetangazwa. Anaifuta, anaiandika upya, anaihamishia juu ya main, anaongeza alama pale ambapo hazikutakiwa. Baada ya robo saa programu ina makosa ambayo haikuwa nayo. Kaka wa jirani hashughuliki na addr kabisa. Anasoma lalamiko la juu, anaangalia namba ya mstari, halafu anapandisha macho mstari mmoja. Anajua kwamba kompaila hutaja mahali iliposhindwa kuendelea, na chanzo huwa hapo au kabla ya hapo. Nukta-mkato inawekwa. Programu inakompailiwa tena.

Sasa linatokea jambo linalompima mwalimu. Lalamiko la nukta-mkato limeondoka, lakini limekuja jingine ambalo halikuwepo: kompaila inasema haijui ukubwa wa addr. Mwanafunzi anaona wameharibu zaidi. Fundi baiskeli wa stendi akiletewa tyubu iliyotoboka mara tatu, huijaza upepo, huizamisha kwenye beseni la maji na kuanza na tundu kubwa. Madogo hayatoi povu wakati upepo wote unatokea kwenye lile kubwa; yanajionyesha likishazibwa. Vivyo hivyo, kosa hili jipya lilikuwemo tangu mwanzo. Kompaila haikulifikia kwa sababu mstari wenyewe ilikuwa imeuruka. Kuliona sasa ni hatua mbele, na mwalimu mzuri hulisema hilo wazi, kwa sauti ya kawaida, kabla mwanafunzi hajakata tamaa.

Kosa lenyewe lina maana. Juu ya programu kuna stdio.h na sys/socket.h tu. Faili hilo la pili linaijua soketi kwa ujumla, lakini halina maelezo ya anwani za intaneti, kwa kuwa soketi zilibuniwa zitumike na mitandao ya aina nyingi na kila aina ina umbo lake la anwani. Umbo la sockaddr_in limeelezwa kwenye netinet/in.h. Fanksheni ya htons hupatikana kwa kuongeza arpa/inet.h. Mistari hiyo miwili ikiwekwa, malalamiko matatu yanaondoka pamoja: la ukubwa wa addr, la INADDR_ANY na la htons. Mwanafunzi aliyekuwa akiona matatizo matatu anagundua lilikuwa moja. Bado close, ambayo inataka unistd.h.

Kaka amejuaje faili gani linatakiwa wapi? Mara nyingi hakumbuki, na uzuri ni kwamba hajifanyi anakumbuka. Anaandika man 2 bind, au man 3 htons, au man 7 ip, na ukurasa unafunguka papo hapo kwenye terminali. Sehemu ya juu ya ukurasa imeorodhesha mafaili ya kujumuisha, chini yake kuna umbo la fanksheni, na mbele kidogo kuna makosa inayoweza kurudisha. Kurasa hizo zikishawekwa kwenye mashine zinakaa humo. Hazihitaji bando. Kwa Misungwi, ambako mwanafunzi anapima kila megabaiti, hilo si dogo. Programu za mtandao zenyewe pia zinaweza kujaribiwa bila intaneti: anafungua terminali mbili, moja inaendesha seva, nyingine mteja, na zote zinakutana kwenye anwani 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta kujipigia yenyewe. Asiye na laptopu anaweza kuweka Termux kwenye simu ya Android, akapata kompaila ya clang na kuandika seva ileile mkononi. Somo zima la soketi linaweza kufanyika sebuleni, bila kugusa salio.

Tukirudi kwenye programu, limebaki lalamiko kuhusu bind, fanksheni inayoifungia soketi kwenye poti. Kompaila inasema imepewa pointa ya struct sockaddr_in wakati inatarajia pointa ya struct sockaddr. Tiba inajulikana: andika (struct sockaddr *)&addr. Wengi huinakili kama dua wasiyoijua maana, na wanafanya kazi hivyo kwa miaka. Mwalimu ninayempenda huchukua dakika mbili kueleza. Soketi hizi zilitoka na Unix ya Berkeley, toleo la 4.2BSD, mwaka 1983. Waliozibuni walitaka bind moja ipokee anwani za aina yoyote. Wakati ule C haikuwa na kanuni rasmi yenye void *, pointa isiyojali aina. Kanuni hiyo ilikuja mwaka 1989. Wakaweka umbo la jumla, struct sockaddr, na wakamwachia mwandishi wa programu ageuze aina mwenyewe. Mwanafunzi akilijua hilo, hatashangaa atakapokuta sockaddr_in6 ya IPv6 inageuzwa vilevile. Amepata sababu, na sababu inatibu makosa ambayo bado hajayafanya.

Wapo wanaodhani kazi hii ni ya kukariri: ujumbe huu, dawa hii. Ingekuwa hivyo isingedumu, kwa sababu kompaila zenyewe hubadilika. Zamani mwanafunzi akiandika lisen badala ya listen, gcc ilitoa onyo tu, ikakisia kwamba fanksheni hiyo inarudisha namba nzima, ikaendelea. Kosa lilijitokeza mwishoni, wakati linka inaunganisha vipande, nayo ikasema haijaiona lisen popote, mara nyingi bila hata kutaja namba ya mstari. Ruhusa ya kuita fanksheni isiyotangazwa ilikuwa imeondolewa kwenye kanuni za C mwaka 1999, lakini gcc iliivumilia kwa robo karne. Toleo la 14, lililotoka Mei 2024, likaacha kuvumilia: sasa ni kosa, na programu inasimama hapo hapo. Clang ilishafanya hivyo mwaka 2023. Pointa za aina zisizopatana, kama ile ya bind, nazo gcc 14 inazikataa. Kwa hiyo wanafunzi wawili wa darasa moja wanaweza kuwa na programu ileile, mmoja akapita na onyo kwenye Ubuntu 24.04 yenye gcc 13, mwenzake akakataliwa kwenye mfumo mpya zaidi. Fundi anayejua kusoma huuliza kwanza, "Unatumia toleo gani?" Na akikuta faili la sys/socket.h halionekani kabisa, huuliza kama mashine ni Windows, maana kule mlango ni winsock2.h na mwishoni mwa amri huongezwa -lws2_32, baada ya jina la faili la programu. Maswali mawili hayo humwokolea mwanafunzi siku nzima.

Kuna chanzo kingine cha makosa ambacho kinatuhusu sana sisi tunaotumiana kazi kwa WhatsApp. Programu ikinakiliwa kutoka kwenye ujumbe au PDF, alama za kunukuu zilizonyooka zinaweza kugeuka kuwa zilizopinda. Machoni zinafanana. Kwa kompaila ni herufi ngeni kabisa, na gcc nyingi huzitaja kwa namba, kuanzia 342, ambayo haimwambii kitu mwanafunzi. Fundi akiiona 342 anakwenda moja kwa moja kwenye alama za kunukuu, anazifuta na kuziandika kwa kibodi. Nimeona macho ya mwanafunzi wakati huo. Anadhani ni uchawi, mpaka aelezwe kwamba ni namba ya baiti ya kwanza ya herufi hiyo, imeandikwa kwa mfumo wa nane.

Mtihani mkubwa wa subira, hata hivyo, huletwa na kitabu kizuri. W. Richard Stevens alizaliwa mwaka 1951 Luanshya, mji wa migodi ya shaba katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kitabu chake cha programu za mtandao za Unix kilitoka mwaka 1990, na toleo lake jipya mwaka 1998 ndilo lililowafundisha soketi watu wa kizazi kizima. Alifariki mwaka 1999, na wenzake wakaendeleza toleo la tatu. Mwanafunzi akikifungua anakuta mfano wa mwanzo, programu fupi inayouliza saa kutoka kwa seva nyingine. Anauandika wote kwa uangalifu, herufi kwa herufi, na kompaila inakataa kwenye mstari wa kwanza: unp.h haipo.

Anaitafuta kwenye maghala ya programu za Linux, haipo. Haipo kwa sababu ni faili la Stevens mwenyewe, aliloliandaa ili kila mfano usianze na orodha ndefu ya mafaili. Linapatikana ndani ya msimbo wa kitabu. Kwa hiyo anaupakua, anaendesha configure, anaingia kwenye saraka ya lib na kuandika make, kisha kwenye libfree. Hapo anakwama tena: inet_ntop imetangazwa kwa namna mbili zinazopingana. Mwenye ufundi anaweka matangazo mawili bega kwa bega. Lile la zamani linasema ukubwa ni wa aina ya size_t, la mfumo wa leo linasema socklen_t. Kwenye mashine ya biti 64, ya kwanza ni baiti 8 na ya pili ni 4, kwa hiyo ugomvi ni wa kweli. Anabadilisha neno moja kwenye faili la zamani na make inapita. Hajamlaumu Stevens wala hajaitukana kompaila. Ameona kwamba msimbo ni wa enzi moja na mfumo ni wa enzi nyingine, na amevipatanisha kwa neno moja.

Programu ya saa sasa imekompailiwa. Wanaiendesha kwa 127.0.0.1 na jibu linakuja: muunganisho umekataliwa. Mwanafunzi anataka kurudi kubadilisha msimbo. Kaka anamzuia. "Hilo si kosa la kompaila tena. Nani anasikiliza poti 13 kwenye hii mashine?" Hakuna. Siku za Stevens kompyuta nyingi za Unix zilijibu saa kwenye poti hiyo; za leo hazijibu. Kwenye saraka ileile ya mfano kuna seva yake. Wanaiwasha, kwa mamlaka ya msimamizi kwa kuwa poti zilizo chini ya 1024 zinalindwa, wanaendesha mteja tena, na tarehe na saa vinatokea kwenye skrini. Ni mstari mmoja wa maandishi. Umepita kwenye soketi ya kweli, na kijana aliyeuandika anajua kila faili lililohusika.

Sifa ya ufundi huu inaonekana zaidi pale kompaila inaponyamaza. Mwanafunzi akiandika if (fd = socket(AF_INET, SOCK_STREAM, 0) < 0), C inaikubali. Lakini alama ya kulinganisha hutangulia ile ya kuweka thamani, kwa hiyo fd inapokea jibu la ulinganisho, ambalo ni sifuri mambo yakienda vizuri. Sifuri ni namba ya kibodi. Bind inapewa kibodi na kujibu kwamba hiyo si soketi. Angekuwa amewasha -Wall, gcc ingemshauri aongeze mabano mapema. Ndiyo maana mafundi wote ninaowaheshimu hukompaili na -Wall -Wextra tangu siku ya kwanza, na hulichukua kila onyo kama deni la kulipwa leo.

Au amesahau htons. Ameandika addr.sin_port = 8080; na kila kitu kimepita kimya, hata onyo moja hakuna. Seva inawaka, mteja anabisha hodi kwenye 8080, anakataliwa. Fundi anaandika ss -ltn na kumwonyesha mwanafunzi orodha ya poti zinazosikiliza. 8080 haimo. Kuna 36895. Anachukua karatasi. 8080 kwa mfumo wa kumi na sita ni 1F90. Laptopu huanza kuhifadhi na baiti ndogo, 90, halafu 1F. Mtandao husoma kubwa kwanza, kwa hiyo unaona 901F, ambayo ni 36895. Seva ilikuwa hai muda wote, ikisubiri kwenye mlango ambao hakuna aliyeambiwa. Hesabu hiyo kwenye karatasi inamfundisha mwanafunzi mpangilio wa baiti vizuri kuliko mhadhara wowote niliowahi kuusikia.

Katika haya yote kuna kitu ninachokistahi kuliko ujuzi wenyewe: mikono ya mwalimu haikimbilii kibodi. Angeweza kumaliza kwa dakika moja. Anaona nukta-mkato inakosekana kabla mwanafunzi hajamaliza kugeuza skrini. Lakini anasubiri asomewe, anauliza ujumbe unasema nini, anauliza mstari wa juu yake una nini, na anaruhusu badiliko moja tu kabla ya kukompaili tena. Badiliko moja lina faida kubwa, kwani likisaidia unajua ni lipi lililosaidia. Baada ya hapo humzoesha kuandika mistari mitano na kukompaili, badala ya thelathini kwa mpigo, ili kosa likitokea liwe ndani ya mitano hiyo.

Wilaya ya Misungwi imeona uhandisi mkubwa kwa macho. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na chanzo cha Ihelele kinavuta maji ya Ziwa Victoria hadi Shinyanga na Kahama. Kazi hizo zinavutia watoto, na ni vizuri. Lakini ndani ya kila simu ya Android inayovuka daraja hilo kuna Linux, na Linux imeandikwa zaidi kwa C, pamoja na sehemu yake ya mtandao. Huo nao ni uhandisi, na mlango wake uko wazi kwa kijana mwenye laptopu iliyotumika au simu tu. Kinachomfungia nje mara nyingi ni skrini iliyojaa malalamiko siku ya kwanza, bila mtu wa kukaa naye.

Kwa hiyo nawaomba walioshavuka hapo: mdogo wako akija na laptopu, msikilize akisoma kosa la kwanza mpaka mwisho, hata akisoma polepole, hata kama jibu unalo. Ukimpa nukta-mkato, umemtibu leo. Ukimzoesha kusoma, ataitumia tabia hiyo kwenye gcc zijazo, kwenye linka, kwenye seva iliyokataa muunganisho usiku, na kwa mdogo wake mwingine atakayemfuata yeye.